Fundi wa Troyeville na Viingereza Vyake

Ukimkuta mtu wa kule kwetu amepanga nyumba nzuri upande wa kaskazini wa Johannesburg, na nyumba yenyewe kaipata kwa simu, basi mambo ni mawili: ama ana bahati ya mtende, ama alipigiwa na Fundi. Mimi nilipigiwa na Fundi. Nalisema mapema ili nisije nikasifiwa ujanja ambao si wangu.

Duka lake lilikuwa Troyeville, chumba kimoja kwenye mtaa unaoteremkia Bertrams. Ndani mlikuwa na cherehani mbili zinazofanya kazi na ya tatu mbovu, ambayo hakutaka kuitupa kwa sababu alikuja nayo mjini. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hadi yakasimama yenyewe. Wakongo wenzake walimwita Papa, majirani Wazulu walimwita Baba, sisi wa Tanga na Dar tulimwita Fundi, naye aliitika kote. Niliwahi kumuuliza alifikaje Afrika Kusini. "Kwa muguu, kwa lori, na kwa kinywa," akanijibu, akarudi kwenye pindo lake.

Kinywa kilikuwa mtaji wake, lakini sikio ndilo alilojivunia. Mteja akiingia hakumtazama mavazi, alimwacha aseme. Akimpima mabega alimuuliza habari za mvua, akimpima kiuno alimuuliza habari za umeme, maana Johannesburg hakuna asiye na neno juu ya umeme. Kufikia mguu wa suruali alikuwa amekwisha kujua mtu huyo anaishi wapi na kasoma wapi. Siku moja aliingia kijana wa suti, anaongea Kiingereza cha puani, cha wenye ofisi za vioo Sandton. Fundi akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Uyu ni mutoto wa Alexandra, kule kwa masikini. Asubuhi anavuka barabara, anavaa sauti ingine." Kijana akauliza tunasemaje, na Fundi, kwa kukosa haya, akamwambia. Mimi nikatazama mlango, nikijua tutapigwa. Kijana akacheka mpaka akakaa juu ya vitambaa. "Eish, Baba," akasema, "usije ukamwambia bosi wangu." Tangu siku hiyo alipokuja dukani aliongea Kiingereza chake cha nyumbani, kinachotembea kwa mwendo wa Kizulu, na mimi nakiri kilimpendeza kuliko kile cha puani.

Alikosea pia, ingawa hakupenda kukumbushwa. Mara ya kwanza nilipompeleka binti yangu dukani, mtoto aliingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akaniita kwa Kiingereza cha shule yake. Fundi hakuwa amemwona akiingia. Aliruka kitini, akashika kola, akaitika "Madam!" kwa sauti ya kumpokea mke wa balozi. Pazia likafunguka, akatoka msichana mweusi wa miaka kumi na minne, nywele nimemsuka mwenyewe usiku uliopita. Fundi alijifanya anatafuta sindano, na kwa wiki nzima tukikutana yeye ndiye aliyekuwa na haraka.

Kila taifa alilipangia maneno. Watanzania, alisema, wanaanza Kiingereza kwa kuomba radhi, na wakimaliza wanaomba radhi tena, kwa hiyo katikati panabaki nafasi ya neno moja tu. Wakongo wanakikimbiza hadi mwisho wa sentensi, ndipo wanakikalia. Wahindi wa Durban wanakipandisha mwishoni hata kama hawakuulizi kitu. Makaburu wanakitafuna r zake. Kulikuwa na mlinzi Mkenya aliyekuwa akileta sare yake kushonwa, mtu mwema, lakini aliamini kwamba Kiingereza cha kwao ndicho kilichonyooka kuliko vyote barani. Fundi alimsikiliza siku nzima, halafu akamwambia, "Kiingereza yako iko safi, kweli. Iko safi kama sahani ambayo hakuna mutu amekulia." Mkenya yule alikasirika siku mbili, ya tatu akaleta suruali.

Sasa nieleze habari ya simu, maana hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane kutoka Troyeville hadi Yeoville. Fundi alikuwa na sauti tatu za kazi. Ya kwanza ilikuwa ya Durban, ya kuongea na wenye maduka ya vitambaa. Ya pili ilikuwa ya mtaani, ya kuongea na mafundi bomba na watu wa magari. Ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa: sauti ya Randburg, ya mzungu wa makamo mwenye bustani na mbwa, asiye na haraka. Sauti hiyo hakuitoa hivihivi. Alizima redio, akasimamisha cherehani, akatunyamazisha wote, kisha akavaa koti. Nilimwambia, "Fundi, simu haina macho." Akanijibu, "Mama, mwenye sauti hii haongeake bila koti." Kweli, akishavaa lile koti hata shingo yake ilinenepa.

Watu walimfuata kwa sababu moja tu. Unasoma tangazo la chumba, unapiga simu, unasema habari za asubuhi, na kabla hujamaliza kusema unataka nini, chumba kimeshachukuliwa. Wiki inayofuata tangazo lingali pale. Mimi nilikuwa nasuka nywele saluni moja Randburg, na binti yangu alikuwa amepata nafasi katika shule nzuri huko huko, nasi tunalala Bertrams. Kila siku aliondoka alfajiri, akarudi amechoka hajui aanzie wapi vitabu. Nikaona tangazo la fleti ndogo, ukitoka mlangoni unaona geti la shule. Nilipiga mara tatu kwa siku tatu, nikajitahidi kuuficha Utanga wangu, na mara zote tatu mama mmoja mzee, mwenye nyumba mwenyewe, alinijibu kwa upole kabisa kwamba samahani, imekwenda. Nikaenda kwa Fundi nikilia, si kwa huzuni, kwa hasira.

Akavaa koti. Akajipa jina, ambalo silitaji kwa kuwa halikuwa lake wala langu, akasema yeye ni meneja wa saluni, ana mfanyakazi wake mwaminifu, mama wa Kitanzania mwenye mtoto mmoja, anamtafutia mahali. Fleti ile iliyokwenda mara tatu ikarudi. Nilikabidhiwa funguo wiki ile ile, na yule bibi mwenye nyumba, siku hiyo moja niliyomwona, alizitazama funguo kuliko alivyonitazama mimi. Mkataba ulijazwa na wakala wake, aliyeandika jina langu nusu kisha akachoka. Basi nikahamia. Lakini niliingia nikijua kwamba nimeingia kwa mlango wa mtu asiyekuwepo, na siku bibi atakapogundua, mimi na mwanangu tutatoka kwa mlango huo huo.

Wengine wangesema Fundi aliwafunza watu kujikana. Mimi mwenyewe nilimwambia, siku nimekasirika: "Mkataa kwao mtumwa, Fundi." Hakunyanyua kichwa. "Na ukienda kwa wenye chongo?" akaniuliza. Sote tunajua unafumba lako jicho, na mimi nilikuwa nalala kwenye fleti niliyopata kwa kufumba. Alizoea kusema Kiingereza ni nguo, hakuna aliyezaliwa amekivaa. Nikamwambia hao waliozaliwa hapa wanatuona sisi ndio tuko uchi. Akalipenda hilo, akalisema kwa watu wiki nzima kama lake.

Hata hivyo nyani haoni kundule. Hakuna aliyewacheka watu wenye sauti za kuazima kuliko yeye. Mchungaji mmoja wa kanisa lao alikaa Amerika wiki tatu, akarudi anahubiri kwa ulimi uliokunjwa, kila neno linapita puani kwanza. Fundi alimwiga mbele ya wateja hadi machozi yakamtoka. "Wiki tatu!" alisema. "Hata malaria haikomaake wiki tatu!" Nilipomkumbusha koti lake na Randburg yake, alishangaa kwa dhati. Akanifafanulia kwamba mchungaji anajidanganya mwenyewe, lakini yeye anawadanganya wenye nyumba, na hayo ni mambo mbali kabisa.

Jambo lililonichukua muda kulitambua ni kwamba sauti zake zote zilimtoka pale tu asipoonwa na anayeongea naye. Mbele ya mtu alibaki na Kiingereza chake mwenyewe, kizito, cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani yake, na hicho alikionea haya sana. Siku nilipomsindikiza uhamiaji kufuata karatasi zake, alifika dirishani, karani akamuuliza swali jepesi la mahali anapoishi, na Fundi wa sauti tatu akanigeukia macho yamemtoka. Nikajibu mimi, kwa Kiingereza changu cha kuomba radhi. Tukiwa njiani nikamcheka, nikamwambia mganga hajigangi. Alicheka na yeye, lakini hakuongea tena hadi tulipovuka robot, taa za barabarani, ya mwisho kabla ya dukani.

Nilimuuliza siku nyingine kwa nini. Alikuwa anatia nyuzi kwenye sindano, akaendelea kutia. Alisema kulikuwa na wakati wa kuwawinda wageni katika mji huu ambapo watu walisimamishwa barabarani waseme tu, na walivyosema ndivyo walivyotendwa. Miezi miwili hakufungua mdomo nje ya nyumba. Alisimama kando ya barabara akainua kidole kuelekeza teksi anakokwenda, kama wafanyavyo wote hapa, na alishukuru kwamba vidole havina lafudhi. Dukani alinunua kwa kuonyesha. "Miezi miwili, mama," alisema. "Mi mutu wa kuongea." Hapo sikumtania. Nilimwonea huruma, nikamwambia hivyo, naye akaniuliza kama sketi ya mtoto ipunguzwe au iachwe.

Kuhusu huyo mtoto tulikuwa na ugomvi wa kudumu. Binti yangu Kiswahili anakisikia vizuri, ukimsengenya utajuta, lakini akijibu ni Kiingereza au Kizulu. Kwenye vikao vya wazazi shuleni alinisihi niketi nyuma. Mara moja niliuliza swali mbele ya watu, na njiani kurudi akaniambia kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ningeweza kumuuliza mwalimu kwa barua pepe. Nilimweleza Fundi nikitegemea atamsema. Badala yake akanisema mimi! Alisema mtoto ana haya ya umri wake, na kwamba yeye, mtu mzima, angeketi nyuma zaidi. Kisha akamwita mtoto, akamwomba amfundishe namna ya kusema maneno fulani ya wazungu vijana, na wote wawili wakakaa kwenye benchi wakitumbuizana kwa Kiingereza nisichokielewa nusu. Nilijiona mgeni nami ndiye niliyewakutanisha.

Shida ilianza kwa sababu sauti ile ilipendeza mno. Yule bibi mwenye nyumba alikuwa mjane. Mwezi wa kwanza alimpigia meneja kuuliza kama mpangaji ameridhika. Mwezi wa pili alipiga kusema mti umeangukia uzio. Baadaye akawa anapiga kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, bila sababu, naye Fundi kila Jumapili baada ya kanisa alivaa koti akamngoja. Bibi alipenda raga. Marehemu mumewe alikuwa haikosi, na sasa hakuwa na wa kuzungumza naye. Fundi, ambaye aliamini kwamba mchezo wa kurusha mpira nyuma ili uende mbele ni wazimu wa watu walioshiba, ilimbidi ajifunze. Alikwenda baa ya Bezuidenhout Valley Jumamosi akakaa na soda moja, akiwauliza Makaburu kwa nini wanakumbatiana chini. Nilimkuta siku moja amechora uwanja kwa chaki kwenye kitambaa cha mteja.

"Fundi, utatuponza," nilimwambia.

"Nifanye nini? Nimwambie meneja amekufa?"

"Mwambie amehama."

"Mais, mama, uyu bibi eko peke yake." Akakifuta kiwanja chake kwa kiganja. "Na mi pia, Jumapili, niko peke yangu."

Miaka mitatu ilipita hivyo. Binti yangu akafika mwaka wake wa mwisho shuleni. Ndipo bibi akamwambia meneja wake kwamba anahamia makao ya wazee huko Cape, na kwamba fleti zake zitasimamiwa na mpwa wake. Huyo mpwa ameshasema atatoa wapangaji wote mwezi ujao, isipokuwa wale ambao shangazi atawaandikia barua kwa mkono wake kwamba waachwe. Mwezi ujao, na mtihani uko miezi mitano mbele! Bibi alimhakikishia meneja kwamba yule mama wa Kitanzania atamwandikia. Fundi alinipigia kunieleza, sauti zote zimemkimbia kwa furaha. Mimi nilishukuru Mungu, nikafunga saumu ya shukrani.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Fundi alikuwa amefanya kosa ambalo ni yeye peke yake angelifanya. Bibi alimwambia kwamba koti lake zuri la baridi limekuwa kubwa, mikono inafika vidoleni, na kule Cape kuna mvua. Meneja, kwa sauti yake ya Randburg, akasema anamjua mshonaji mmoja huko Troyeville, Mkongo, mkono wake hauna mfano mjini humu, ila Kiingereza chake ni kigumu kidogo. Akamtajia mtaa na namba ya mlango. Alishindwa kujizuia. Fundi alikuwa na fahari mbili maishani, sauti na sindano, na siku hiyo ya kwanza ilikwenda kuitangaza ya pili.

Jumamosi hiyo nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika sketi ya sare ya mwanangu. Nikasikia gari limesimama, na sauti ya kizee inasema habari za asubuhi. Nilichungulia. Alikuwa yeye, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, koti mkononi.

Fundi alimtambua kwa neno la kwanza, nilimwona mabega yalivyopanda. Lakini alimkaribisha, akampa kiti, akalikunjua koti, akaanza kumpima. Alifanya kazi yake vizuri hata nikajivunia. Bibi aliongea naye kwa sauti ya juu, neno moja moja, kama anamwita mbuzi aliye ng'ambo ya bonde. Fundi akamuuliza kama anataka na bitana ibadilishwe, maana ile imekwisha makwapani. Aliuliza kwa Kiingereza chake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anaonwa. Bibi hakuelewa. Akauliza tena. Bibi akatabasamu, akatikisa kichwa. Mara ya tatu Fundi alishika bitana akaionyesha kwa vidole, na bibi akadhani anaambiwa koti halifai.

"Ngoja," bibi akasema taratibu, kwa sauti kubwa. "Ngoja kidogo. Nina rafiki anayekufahamu. Nitampigia simu atueleweshe sote wawili."

Akatoa simu mkobani. Nilitaka kupiga kelele. Simu ikaanza kulia mfukoni mwa shati la Fundi.

Angeweza kuizima. Angeweza kutoka nje. Alitazama upande wa pazia, akijua niko pale, na mimi nikamtikisia kichwa hapana, hapana, usipokee, mtoto wangu ana mtihani. Simu ikalia, bibi akiwa na yake sikioni anautazama ule mfuko. Fundi akafungua mdomo, nikaona anatafuta ile sauti kubwa, shingo yake inajaribu kunenepa. Haikuja. Alipokea, akasema kwa Kiingereza cha Lubumbashi, "Ndiyo, Madam. Ni mimi."

Bibi alishusha simu polepole. Kisha akasimama, na hasira zilizomtoka zilikuwa za Kiingereza ambacho sijawahi kukisikia. Hakikuwa cha Randburg. Kilikuwa kipana, cha vokali nzito, maneno yake yamekatwa mikia. Alimwita mwongo. Alisema amemcheka kila Jumapili kwa miaka mitatu, mwanamke mzee asiye na mtu. Nilitoka nyuma ya pazia, sketi mkononi, nikiwa nimejua kwamba fleti imekwenda, na safari hii kweli.

Fundi alikuwa amesimama na futi shingoni. Nilingoja aombe radhi. Badala yake kichwa chake kiliinama upande mmoja, taratibu, kama alivyofanya kwa kila mteja.

"Madam," akasema, "hicho ni cha wapi?"

"Nini?"

"Hicho Kiingereza. Sijawahi kukisikia. Ni cha wapi?"

Naapa nilitaka ardhi ipasuke. Ilibidi Fundi aulize mara mbili ndipo bibi aelewe anaulizwa nini, na alipoelewa, akakaa. Alisema ni cha mji mmoja mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya sufu, alikozaliwa. Alikuja huku ameolewa, ana miaka ishirini na moja. Mama mkwe alikuwa akimsahihisha mezani mbele ya wageni, kila neno, hadi akawa anakula kimya. Akajifunza kusema kama wao. Hata mumewe alisahau. Sasa kinamtoka akikasirika tu, na tangu mumewe afariki hana wa kumkasirikia.

"Ni kizuri," Fundi akasema, na hakuwa anambembeleza. Mimi namjua akibembeleza.

Bibi alifuta macho kwa mkono wa lile koti. "Kwa nini hukunipigia kama ulivyo?" akamuuliza.

"Huyu mama alikupigia kama alivyo," Fundi akajibu, akinielekeza. "Mara tatu. Ulimwambia imekwenda."

Bibi akanitazama. Nilidhani atakataa, maana wote hukataa, husema kulikuwa na mtu mwingine, kulikuwa na kosa la wakala.

"Ndiyo," akasema. "Nilisema hivyo. Na haikuwa imekwenda."

Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu, akaviweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Barua ya kumpa mpwa alikuwa amekusudia kuiandika nyumbani, lakini hakulijua jina langu. Miaka mitatu nimekaa kwake, nilikuwa mama wa Kitanzania.

Nikamtajia jina langu, lote, kama lilivyo kwetu, bila kulifupisha wala kuliombea radhi. Akalirudia akakosea. Nikamsahihisha. Akarudia, akakosea mahali pengine, uso ukamwiva, akaitazama kalamu kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Fundi akamvutia kiti karibu na meza, akamwambia kwa Kiingereza chake kizito, na bibi safari hii akamwelewa:

"Taratibu, Madam. Tuna muda."